Pikapu ipi ibebe kempa: Land Cruiser 79, Hilux, D-Max au Canter 4x4?

Kibosho_Juu (Moshi)

Habari za majukumu wakuu.

Mimi na mke wangu tunastaafu mwakani na tumekubaliana kuizunguka nchi tukiwa bado na nguvu. Tunataka pikapu imara yenye kempa mgongoni: chumba chenye kitanda, jiko la gesi, friji ndogo na tenki la maji, ambacho tukirudi nyumbani tunakishusha kwa jeki zake nne, gari libaki pikapu ya shamba. Njia tunazoziwaza ni Ruaha, Katavi, Kitulo msimu wa maua, Kigoma mpaka ziwani, na baadaye Tunduma kuingia Zambia.

Fundi anayetengeneza maboksi ya namna hiyo ameniambia la kwetu litakuwa na kilo 450 likiwa tupu, fremu ya alumini na kuta za povu gumu. Magari nimechuja nikabaki na haya: Land Cruiser 79 yenye injini ya 1HZ (singo kebini au dabo kebini), Hilux dabo kebini ya 2.8, Isuzu D-Max ya 3.0, na Canter 4x4 iliyotumika Japani.

Moyo wangu uko kwenye dabo kebini, kwa sababu mjukuu wetu wa miaka tisa atakuwa nasi kila likizo. Mke wangu anauliza swali moja tu: lipi halitatulaza porini? Naomba wenye uzoefu mnichambulie.

FundiDifu (Arusha)

Shikamoo mzee wangu. 79, na sitazunguka.

Kazi yangu ni kufungua magari ya watalii, kwa hiyo nakueleza ninachokiona nikiwa chini ya gari. Ekseli ya nyuma ya 79 ni ya kubeba kweli kweli. Uzito wote unakaa juu ya nyumba ya ekseli kupitia beringi mbili za habu, na shafti kazi yake ni kuzungusha gurudumu basi. Shafti ikikatika, gurudumu linabaki mahali pake; unaitoa, unaingiza gia ya magurudumu ya mbele, unajikongoja mpaka mjini. Kwenye Hilux na D-Max shafti hiyo hiyo ndiyo inayobeba gari. Kwa mzigo unaopakiwa asubuhi na kushushwa jioni hakuna tatizo lolote. Kempa ni mzigo unaolala mgongoni wiki nzima, kwenye rafu rodi, na hapo mambo yanabadilika.

1HZ ni silinda sita, lita 4.2, haina turbo, pampu yake ya dizeli ni ya kimakanika. Haina mbio. Kitonga utapanda taratibu nyuma ya malori, na ukipanda ukingo wa Ngorongoro, zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, hewa nyepesi itakula nguvu yake zaidi kwa kuwa hakuna turbo ya kufidia. Ikiwa na mzigo hesabu kilomita 6 hadi 7 kwa lita. Lakini Mpanda, Sumbawanga, Kasulu, Tunduru, popote utakapoegesha utapata mtu aliyewahi kuifungua na kuifunga.

Ujue na hili kabla hujalipa. Tangu sura ilipobadilishwa mwaka 2007 ili injini ya V8 ipate nafasi, magurudumu ya mbele ya 79 yamekaa kwa upana kuliko ya nyuma, tofauti ya karibu sentimita 10. Kwenye mchanga na kwenye matope yenye mifereji ya malori, tairi za nyuma hazipiti kwenye njia iliyokanyagwa na za mbele. Siyo sababu ya kuliacha gari, ila utalisikia kwenye usukani na kwenye mafuta.

Mzee, hizo kilo 450 ni boksi tupu. Likijaa je?

Mama_Savana (Karatu)

Shikamoo baba. Mimi naingia kwenye hoja ya dabo kebini, maana hapo ndipo pesa za watu zinapopotelea.

Tuliwahi kuwa na pikapu ya dabo kebini, jina lake naliacha, tukaibebesha boksi la kulala watu wawili. Gari lenyewe halikuwa bovu. Njia kati ya Ngorongoro na lango la Naabi mnaijua, ile mikunjo inayotetemesha mpaka meno. Siku moja dereva akaniita nje nitazame uwazi kati ya kebini na bodi. Juu nikapitisha vidole vinne. Chini hakikupita hata kimoja. Chesisi ilikuwa imejikunja nyuma ya kebini, mkia umeshuka, na rangi pale kwenye kikunjo imepasuka vipande vidogo vidogo.

Kabla ya hapo mkia ulikuwa umeanza kulala, tukashauriwa kuweka mipira ya hewa juu ya ekseli. Mipira ile inainua gari na macho yanaridhika. Lakini springi ya majani inaisukuma chesisi sehemu mbili, mbele na nyuma ya ekseli. Mpira wa hewa unaisukuma sehemu moja tu, juu ya ekseli, huku boksi linaning'inia nyuma na injini inavuta mbele. Chesisi inapindiwa hapo katikati. Gereji za huku zimenyoosha nyingi za namna hiyo, na iliyokwisha kunyooshwa haiwi tena kama ilivyotoka kiwandani.

Halafu kumbuka malango ya hifadhi. Ada ya gari hupangwa kwa uzito na kwa namba: la namba za Tanzania linalipa kwa shilingi, la namba za kigeni kwa dola na kwa kiwango cha juu. Canter ikikupandisha daraja la uzito, unalipia daraja hilo kila siku uliyo ndani.

Trela_53 (Tacoma, Marekani)

Salamu kutoka jimbo la Washington. Mimi ni mtu wa Nakuru, naendesha lori huku, na familia yetu ina pikapu yenye kempa. Kempa za kubebwa mgongoni huku ni jambo la kawaida kabisa na nyingi zinaundwa upande huu wa magharibi: Lance wako California, Host wako Bend na Northwood wanaounda Arctic Fox wako La Grande, wote Oregon, Northern Lite wako Kelowna upande wa Kanada. Mzee, niruhusu nikueleze wenyeji wanavyochagua gari, kwa sababu utaratibu wao unafaa hata kwa Hilux.

Gari huja mwisho. Kwanza ni kempa ikiwa imejaa maji, gesi, chakula na vyombo. Kempa kubwa za huku zikijaa hufika kilo 1,400 mpaka 2,000, ndiyo maana utaona zimebebwa na Ford F-350, Ram 3500 au Silverado 3500, na zile nzito kupita kiasi hubebwa na pikapu yenye tairi nne nyuma. F-350 ya tairi nne nyuma inaruhusiwa kufika jumla ya pauni 14,000, kama kilo 6,350, gari na kila kilichomo.

La pili ni uwezo wa gari lile lile unalolinunua, siyo la kwenye tangazo. Magari mawili ya jina moja na mwaka mmoja yanaweza kupishana mamia ya kilo katika mzigo yanaoruhusiwa. Moja ni dizeli na injini yake ni nzito, lingine ni petroli. Moja ni kebini ndefu, lingine fupi. Baadhi ya wabeba kempa wamehamia petroli kwa sababu hiyo hiyo, na Ford walipotoa V8 ya petroli ya lita 7.3 katika modeli ya 2020 wakawapa sababu nyingine. Vyuma vya mbele, winchi, ngazi, tairi kubwa, vyote unavitoa kwenye uwezo ule.

La tatu ndilo watu wa nyumbani hawaliulizi: kitovu cha uzito wa kempa kinaangukia wapi? Sheria ya Marekani inamtaka mtengenezaji wa pikapu inayoweza kubeba kempa aandike uzito wa kempa unaofaa na eneo ambamo kitovu chake lazima kiangukie. Muunda kempa naye anaonyesha kitovu cha chumba chake kiko wapi. Kanuni ni kwamba kiangukie juu ya ekseli ya nyuma au mbele yake kidogo. Kikiangukia nyuma, kempa inainua pua ya gari, usukani unakuwa mwepesi na breki za mbele zinapungukiwa na kazi.

Na kama kuna mtu anawaza kuniagiza F-350 imfikie nyumbani, ushauri wangu ni aache. Kenya hawasajili gari la usukani wa kushoto ila kwa kazi maalumu. Yenye tairi nne nyuma ina upana wa mita 2.4 hivi, na dizeli za siku hizi zina mifumo ya kusafisha moshi inayotaka mafuta safi kuliko tunayouziwa huko.

Kibosho_Juu

Wanangu, asanteni sana. Jana usiku tumekaa na mke wangu na mizani ya dukani tukapima vitu vyetu.

Boksi 450. Maji lita 80, kwa hiyo kilo 80. Mtungi wa gesi wa kilo 15 pamoja na chuma chake karibu 30. Betri mbili za asidi 60. Friji 25. Chakula na vinywaji 50. Godoro, vyombo na nguo 60. Jeki, koleo, vipuri, vibao vya kujinasua na tairi ya pili ya akiba 70. Jumla mgongoni ni kilo 825. Tukipanda mimi, mke wangu na mjukuu, tunaongeza 182. Tunafika kilo 1,007.

Hilux dabo kebini ubavu wake ni kama tani moja, na wengine nawaona wameandikiwa pungufu. Kumbe nilikuwa nimeshaijaza kabla sijaweka chuma cha mbele.

Je, dabo kebini ya 79? Hiyo si ina ekseli ile ile anayoisifu FundiDifu?

FundiDifu

Ekseli ni ile ile. Tatizo ni nafasi, mzee.

Kutoka ekseli ya mbele mpaka ya nyuma, singo kebini na dabo kebini ya 79 zote ni milimita 3,180. Kebini ya pili haikuletewa chesisi ndefu. Imechukua eneo la bodi. Singo kebini inakuachia bodi ya karibu mita 2.4, dabo kebini mita 1.8 hivi, na mita hizo zimesukumwa nyuma. Boksi lako la kitanda halitakaa humo bila kuning'inia.

Chukua kilo zako 825. Tuseme kitovu chake kimeangukia sentimita 60 nyuma ya ekseli. Zidisha 825 kwa 0.6, gawa kwa 3.18, unapata kama kilo 156. Hizo zinanyanyuliwa kutoka tairi za mbele, na ekseli ya nyuma haibebi 825 tena, inabeba 981. Sasa hamisha kitovu kiangukie sentimita 10 mbele ya ekseli, jambo ambalo singo kebini inaliruhusu ukiweka tenki la maji na betri karibu na kebini. Tairi za mbele zinapata kilo 26 zaidi na za nyuma zinabeba 799. Boksi ni lile lile na vitu ni vile vile. Tofauti kwenye ekseli ya nyuma ni kilo 182, yaani familia yako nzima.

Australia, ambako 79 zenye kempa ni nyingi, wapo mafundi ambao kazi yao ni kukata chesisi ya dabo kebini na kuirefusha kwa milimita 300 au zaidi ili kurudisha ekseli nyuma. Huko kuna ukaguzi na vyeti vya kazi hiyo. Mimi hapa siwezi kukushauri ukate chesisi.

Barza_Muscat (Oman)

Asalaam alaykum jamani. Mie asili yangu Unguja, naishi Muscat miaka mingi, na huku 79 ndiyo gari la shamba, la ngamia na la kupiga kambi. Nyingi ni za V6 ya petroli, lita 4.0, kwa kuwa petroli huku si ghali. Injini hiyo ina nguvu kuliko 1HZ. Kwa babu wa Kibosho siipendekezi, itakunywa mafuta na Mpanda hatopata wa kuishika.

Nililotaka kusema ni kuhusu urefu wa kwenda juu. Tunakwenda mchanga wa Sharqiya, tunapanda Jebel Shams, tunashuka Salalah wakati wa kharif, msimu wao wa mvua, safari ya kama kilomita 1,000 kwa njia ya jangwani yenye upepo wa ubavuni. Walio na kempa za paa la kuinuka wanakwenda kwa amani. Ukisimama unafungua vishikizo, unasukuma paa, kuta za turubai zinajikunjua, unapata kimo cha kusimama wima. Ukiondoka paa limelala juu ya kebini. Kempa ya kuta ngumu zilizosimama ni nzuri kwa baridi na kwa usalama, lakini kwenye kilima cha mchanga gari linakuwa juu juu, ukikata kona ya ghafla moyo unakwenda mbio. Huko kwenu muwaze na matawi ya miti njia za Katavi, na upepo wa Singida.

La magurudumu ya nyuma kukaa karibu karibu kuliko ya mbele ni kweli tupu. Kwenye mchanga punguza upepo wa tairi mpaka PSI 15 hivi, na ukiwa na mzigo kama wako usishuke zaidi ya hapo.

Na hizo betri babu, ukiweza nunua lithiamu. Moja ya ampia 100 ni kilo 12 au 13, ya asidi ni karibu 30. Umeokoa kilo 35 kwa betri mbili, na zinatumika mpaka karibu na mwisho wa chaji bila kuharibika.

Chesisi_Kamili (Nairobi)

Naona D-Max imepitwa haraka, wacha niisemee.

D-Max inaunganishwa hapa Nairobi, na injini ya lita 3.0 ya Isuzu, 4JJ, ni ya mnyororo, haikubughudhi na mkanda wa taimingi. Ina turbo, ina torki, yaani nguvu ya kuvuta, ya kutosha injini ikizunguka taratibu, na bonde la Ufa inalipanda na mzigo bila kulalamika. Mafuta haitumii kama 1HZ. Kwenye lami kutoka Nairobi mpaka Moyale, ambayo siku hizi ni lami mpaka mpakani, ukiwa kwenye D-Max unafika ukiwa mtu. Ukiwa kwenye 79 unafika masikio yanalia. Watu wanaosafiri muda mrefu wasidharau hilo. Wazee wawili watakaa ndani ya kebini hiyo saa nyingi kuliko watakavyolala kwenye kempa.

Ninachokubali ni hesabu. D-Max ibebe kempa nyepesi: kilo 250 hadi 300 tupu, paa la turubai, maji lita 40, basi. Ukijaza mpaka kilo 600 mgongoni, itakupeleka kila mahali mzee alipotaja. Ukiipa 825 unaionea. Kwa hiyo, mzee, swali ni kama wewe na mama mnaweza kuishi na kempa ndogo. Mimi na mwenzangu tunaishi nayo, tunapika nje chini ya hema la ubavuni, na hatujapungukiwa.

Kama ni mjukuu tu, tafuta kebini na nusu. Kiti cha nyuma ni kidogo, mtoto wa miaka tisa anatosha, na bodi inabaki ndefu kuliko ya dabo kebini.

Mama_Savana

Chesisi_Kamili, hapo kwenye kelele uko sahihi kabisa, nimeendesha 79 kutoka Karatu mpaka Mwanza na nimeshuka mgongo umekaza. Lakini kupika nje Kitulo mwezi wa saba, zaidi ya mita 2,600 juu, baridi inayogandisha umande? Wazee hawa watataka kuta ngumu na mlango wa kufunga. Na kwenye kambi za hifadhini kuna usiku ambao hutaki kitambaa kiwe ndicho kinachokutenga na fisi anayenusa sufuria.

Mzee_wa_Canter (Mbeya)

Kaka wa Kibosho, salaam. Mimi ni rika lako, kwa hiyo nakuambia kama ndugu.

Ukitaka nyumba, nunua Canter. Ukitaka chumba, nunua 79. Nimejenga kempa juu ya Canter 4x4 na inaniridhisha, ila uchukue na shida zake. Uwezo wa kubeba hauna mjadala: kilo 825 zako haizisikii. Injini ya 4D33, lita 4.2, fundi wa lori yeyote anaijua, kebini unaiinua mbele na kila kitu kiko wazi. Mimi nina choo, bafu na maji lita 200, na mke wangu anasimama wima akipika.

Shida ya kwanza ni chesisi. Chesisi ya Canter imeundwa ijinyonge. Gurudumu moja likipanda jiwe, reli zake mbili zinapishana, na hiyo ndiyo nguvu yake. Ukifunga boksi juu yake kwa bolti kila kona, mnyongo wote unahamia kwenye kuta za boksi. Utaanza kuona silikoni imeachia kwenye pembe za dirisha, kisha mlango unakataa kufunga. Boksi linatakiwa likae juu ya fremu yake ya pili, iliyoshikwa imara upande mmoja na kuachiwa springi upande mwingine, ili chesisi icheze chini yake. Kazi hiyo ni ghali na wachache wanaiweza.

Shida ya pili, unakaa juu kabisa ya ekseli ya mbele. Kila shimo linakuja moja kwa moja kwenye uti wa mgongo. Na tairi pacha za nyuma kwenye barabara ya mawe hunasa jiwe katikati, likakata zote mbili.

Tatu ni mizani. Kuanzia tani 3.5 unapaswa kuingia mizani ya barabara kuu, na utapanga foleni na malori: Vigwaza, Makuyuni, Makambako, Mpemba. Nimezoea. Wewe umestaafu, foleni utaiweza?

Trela_53

Mzee wa Mbeya ameligusa jambo zuri. Hiyo mizani wengine wanaikimbia, mimi ningeomba niingizwe. Huku kwenye vituo vya malori kuna mizani za kulipia zinazokupa uzito wa kila ekseli kwa namba yake, na mwenye kempa makini anapima gari likiwa na kempa tupu, kisha likiwa limejaa na familia imekaa ndani. Mzee wa Kibosho, mpe fundi wako sharti kabla hajaanza: boksi likikamilika linapimwa. Waunda boksi wanakadiria kwa uzito wa mbao na bati, wanasahau gundi, skrubu, bawaba, droo na sakafu. La kilo 450 linafika 520 bila mtu kuona.

Kibosho_Juu

Nimewasoma wote, na mke wangu amesoma pia.

Canter tumeiacha. Choo na bafu vinavutia, lakini tunataka gari la kushusha mzigo na kwenda nalo shambani. D-Max na kempa ya turubai tuliitafakari kwa muda mrefu, na kama tungekuwa na miaka thelathini tungeichukua. Dabo kebini nimeitoa moyoni baada ya hesabu ya FundiDifu. Nimempigia muuzaji, ana 79 singo kebini yenye siti ya watu watatu mbele na mkanda wa tatu. Mjukuu atakaa katikati.

Nimebakiwa na maswali mawili. Springi nibadilishe kabla au baada? Na kempa ifungwe wapi, maana fundi wa boksi anataka kuishika kwenye kuta za bodi.

FundiDifu

Kwenye kuta za bodi hapana, mzee. Bati la bodi litararuka kwenye mikunjo. Toa bodi ya kiwandani kabisa, uweke sakafu ya chuma iliyofungwa kwenye chesisi, na kempa ikae juu yake ikiwa na mpira mgumu katikati ili isitereze. Kisha ifungwe kwa vyuma vinne vya kukaza kwa nyuzi, viwili mbele na viwili nyuma, vinavyoshuka mpaka kwenye mabano ya chesisi. Baada ya saa ya kwanza ya rafu rodi simama uvikaze tena, hulegea.

Ukitoa bodi, jua kwamba umebadilisha umbo la gari lililoandikwa kwenye kadi. Fanya ukaguzi wa trafiki na marekebisho TRA mapema, usisubiri kuulizwa Tunduma.

Springi subiri. Watu wananunua springi za kilo 600 kwa kukisia, gari linakuwa gumu kiasi cha kupasua boksi. Panda mizani kwanza, tupate uzito halisi wa ekseli ya nyuma, kisha tuagize springi za uzito huo. Kwa kuwa utakuwa unashusha kempa ukirudi shamba, nitakuwekea majani ya kuongeza ambayo yanaanza kazi gari likishuka tu; likiwa tupu hayagusi. Shokapu usibanie pesa. Kwenye mikunjo shokapu dhaifu huchemka, mafuta yake yanapoteza nguvu, na kutoka hapo springi inaruka bila wa kuizuia.

Tairi baki na 7.50R16 za plai 8 kwenye ringi za kufungua. Zina tyubu, hazina sura, lakini kijana wa pancha pale Inyonga anaifungua kwa vyuma viwili na nyundo, anabandika, unaondoka.

Mama_Savana

Baba, kwenye boksi mwambie fundi aweke mlango nyuma na dirisha dogo la mbele linaloelekeana na la kebini. Mtoto akilala kitandani mchana mkiwa mmeegesha, mama atamwona bila kushuka. Gari likitembea arudi kwenye mkanda wake.

Na vumbi. Kila tundu linalotazama nyuma linavuta vumbi gari likiwa mwendoni. Weka kidirisha cha hewa juu ya paa, upande wa mbele, chenye kichujio, mkifungue mkiwa kwenye vumbi ili hewa isukume kutoka ndani kwenda nje. Bila hicho mtalala ndani ya unga wa Naabi.

Barza_Muscat

Tenki la maji nalo liwe na vizuizi ndani, babu. Lita 80 zikiyumba upande mmoja kwenye kona, boksi zima linazifuata. Tenki refu liwekwe kwa kukingama, ligawiwe vyumba vitatu, karibu na kebini kama alivyosema fundi.

Kibosho_Juu

Nimeyaandika yote kwenye daftari. FundiDifu, gari linafika Moshi mwisho wa mwezi. Naomba namba ya gereji kwenye ujumbe wa faragha.

FundiDifu

Nimekutumia. Lilete kabla boksi halijafungwa sakafu, na uje na vipimo vya kitanda, friji na tenki. Nitachora alama ya ekseli kwenye sakafu ya chuma kwa chaki, fundi wa boksi apange vitu akiitazama.